Pima Kila Seli: Kukagua na Kutunza Betri za Akiba Kiwandani

Ilikuwa saa mbili usiku, mwezi wa kumi, kwenye kiwanda kimoja nje ya Lubumbashi, upande wa barabara ya Likasi. Umeme ulikatika. Jenereta, ambayo sisi huku tunaiita grupu, ilihitaji sekunde chache tu ili ishike. Katika sekunde hizo, seli 54 za betri zilipaswa kubeba rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), taa za dharura na koili za breka, yaani swichi kubwa zinazokata umeme wa mitambo. Hazikubeba. Taa zilififia, rilei zikalala, na breka moja tukaifungua kwa mkono gizani.

Asubuhi ya siku hiyo voltimita ya ubaoni ilikuwa imesoma volti 120, na mimi mwenyewe ndiye niliyeandika namba hiyo. Kijana niliyekuwa nikimfundisha aliniuliza, "Papa, si tulisema betri ni nzima?" Sikuwa na jibu mpaka tulipofungua kiunganishi kati ya seli ya 31 na ya 32. Boliti ilikuwa imelegea, na chini ya vaselini shaba ilikuwa imeota unga wa kijani.

Betri inapokaa kwenye chaji ya kudumu, ile tunayoiita floti, mkondo unaopita ni mdogo mno, pengine nusu ampia. Tuseme kiungo kibovu kina ukinzani wa omu 0.1. Nusu ampia ikipita hapo, inapotea volti 0.05, na hakuna voltimita ya ubaoni itakayokuonyesha hilo. Umeme ukikatika na mzigo ukadai ampia 60, kiungo kile kile kinakula volti 6 na kutoa joto la wati 360 juu ya boliti moja. Ndiyo maana betri inaweza kuonekana nzima mwaka mzima kisha ikaanguka siku ile moja inapohitajika.

Mwongozo huu ni wa watu wanaotunza betri za akiba za risasi na asidi, ziwe za wazi zinazoongezwa maji au zilizofungwa, viwandani, hospitalini, kwenye minara ya simu au vituo vya umeme. Kama zako ni za nikeli na kadmiamu, sehemu za usafi, viungo na daftari zinakuhusu pia. Lakini seli zake ni za volti 1.2, na maji yake ni ya alkali, si asidi. Haidromita (kipimo cha uzito wa asidi), jagi na brashi vilivyogusa asidi visikaribie betri hizo kabisa, kwa sababu hata asidi kidogo inaziharibu.

Kabla ya kugusa

Vua pete, saa na mkufu. Hili silisemi kwa mazoea. Betri kubwa ikishotiwa hutoa maelfu ya ampia, na pete iliyogusa ncha mbili huwa nyekundu kabla hujavuta mkono. Spana zote ziwe zimefunikwa mpini kwa mpira, hata kama ni kwa kuzungushia utepe wa fundi umeme tabaka kadhaa, ikabaki wazi ile sehemu inayoshika boliti tu. Vaa miwani inayofunga pembeni, glovu za mpira na aproni.

Usiingie peke yako. Volti 110 za mkondo mnyoofu (DC) zinaua, na cheche yake haizimiki kirahisi kama ya umeme wa kawaida, kwa kuwa mkondo huo haupiti kwenye sifuri.

Washa feni au fungua madirisha ya juu, ngoja kidogo, ndipo uanze. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kulipuka. Ni gesi nyepesi kuliko hewa, hivyo hujikusanya chini ya dari. Tundu la hewa lililowekwa karibu na sakafu peke yake halisaidii. Nimeona vyumba ambavyo tundu la juu lilizibwa kwa matambara ili vumbi lisiingie wakati wa kiangazi. Vumbi ni adui, naam, lakini weka wavu au chujio, usizibe.

Mlangoni kuwe na maji safi ya kutosha ya kuoshea macho. Bomba likiwa halina uhakika, weka bidoni mbili za lita 20 na ubadilishe maji yake mara kwa mara. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitalini. Magadi ya kuokea ni ya kumwagia sakafu, kamwe si ya jicho. Changanya karibu gramu 100 kwa kila lita ya maji, na ndoo hiyo iwe tayari kabla ya kazi.

Kila mwezi

Anza kwa kutazama, mikono ikiwa nyuma. Tafuta chombo kilichovimba, mfuniko uliopasuka, unyevu juu ya seli, unga mweupe au wa kijani kwenye ncha. Nusa pia. Harufu ya mayai yaliyooza kwenye betri iliyofungwa ni dalili ya kuchajiwa kupita kiasi au joto kubwa. Hapo acha kazi nyingine zote, punguza au kata chaji, toa watu chumbani.

Kwenye seli za wazi zenye chombo kinachopenya mwanga, angalia mabamba kwa tochi. Chanya liwe na rangi ya kahawia ya chokoleti, hasi la kijivu. Vipande vinavyometameta kama sukari pembeni mwa mabamba ni salfeti, yaani betri haipati chaji ya kutosha. Matope mengi sakafuni mwa seli yakikaribia kugusa mabamba, seli hiyo ina shoti inayoisubiri.

Kisha pima volti ya jumla, si kwenye ubao, bali kwenye ncha za betri yenyewe, kwa multimita unayoiamini. Linganisha na ubao. Zikipishana, tafuta sababu kwanza: huenda ni waya, fyuzi au mita ya ubao.

Volti ya jumla peke yake, hata hivyo, inadanganya. Chukua betri ya volti 48 yenye seli 24, chaja ikiwa imewekwa kwenye volti 53.5. Kila seli inapaswa kupata karibu 2.23. Sasa seli moja inaugua, imeshuka hadi 2.08. Chaja haijui. Inaendelea kutoa 53.5, na zile 23 zilizobaki zinagawana tofauti: kila moja inapanda hadi 2.236 tu. Ubaoni namba ni ile ile. Mgonjwa amejificha katikati ya wazima, na wazima wanazidishiwa chakula kidogo kidogo kila siku.

Kwa hiyo kila mwezi pima angalau seli chache, zile zile kila mara, tunazoziita seli za mfano. Ukichagua leo ya 3 na kesho ya 17 hutaona chochote. Andika pia mkondo wa floti kama una mita ya kubana inayosoma mkondo mnyoofu mdogo kwa usahihi. Mkondo unaopanda mwezi hadi mwezi bila sababu ni habari mbaya, hasa kwa betri zilizofungwa. Betri ikipata joto inavuta mkondo zaidi, mkondo unaongeza joto, na mzunguko huo unaweza kuishia kwa chombo kuyeyuka.

Kabla ya kutoka, pima volti kutoka ncha chanya hadi erthi na kutoka ncha hasi hadi erthi. Kwenye mfumo wa volti 110 usiofungwa erthi, ambao kwenye floti husoma karibu 120, pande mbili ziwe zinakaribiana, karibu 60 kwa 60. Upande mmoja ukisoma karibu na sifuri na mwingine karibu 120, kuna mahali upande huo wa kwanza unagusa chuma. Hitilafu moja hutaisikia. Ya pili ikija upande wa pili ndiyo inayochoma au kufungua breka ambayo hukuigusa.

Joto la Oktoba

Nyumba nyingi za betri hapa kwetu zilijengwa pale palipobaki nafasi. Ukuta wa magharibi, bati juu, jua la mchana la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza: nimepima nyuzi 36 ndani ya chumba saa kumi jioni, na seli yenyewe ikiwa na joto zaidi ya hewa. Betri ya risasi iliyotengenezwa kuishi miaka mingi kwa nyuzi 20 au 25 hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto la kudumu linaloongezeka. Nikipewa fedha za kitu kimoja tu kwenye chumba cha betri, nanunua kivuli na mzunguko wa hewa kabla ya kifaa chochote cha kupimia.

Joto likipanda, volti ya floti lazima ishuke. Kanuni ya kawaida ni karibu milivolti 3 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja. Chukua betri iliyofungwa ya seli 24 ambayo mtengenezaji ameandika 2.27 kwa nyuzi 20, yaani volti 54.5 kwa jumla. Kwa nyuzi 35 zimeongezeka nyuzi 15: mara milivolti 3, mara seli 24, inakuwa volti 1.08. Chaja iwe karibu 53.4. Chaja nyingi za kisasa zinafanya hesabu hii zenyewe, ila zinahitaji kihisio cha joto. Kifuate kile kiwaya. Mara nyingi nimekikuta kinaning'inia nyuma ya chaja kinapima hewa ya feni, wakati mahali pake ni kubandikwa kwenye seli, katikati ya safu ambako joto ni kali zaidi. Namba halisi za betri yako ziko kwenye karatasi ya mtengenezaji. Zikitofautiana na hizi, fuata zake.

Asubuhi za Juni na Julai ni kinyume chake. Chumba kikishuka hadi nyuzi 12 au 14, uwezo wa betri unapungua, karibu asilimia 6 hadi 10 kwa kila nyuzi 10. Usihukumu betri kwa jaribio la asubuhi ya baridi bila kusahihisha hesabu.

Kila miezi mitatu

Sasa pima seli zote, moja baada ya nyingine, kwa mfuatano wa namba zilizoandikwa kwa rangi isiyofutika. Kwa seli za wazi zilizoko kwenye floti, iliyoshuka hadi 2.13 au chini yake isisubiri. Inahitaji chaji ya kusawazisha, yaani kuchajiwa kwa muda kwa volti ya juu kidogo ili seli zote zilingane, na ikirudi kuanguka baada ya hapo, inahitaji kubadilishwa.

Seli za wazi zinapimwa pia uzito wa asidi kwa haidromita. Seli nyingi za akiba za aina ya Ulaya zikijaa zinasoma karibu 1.24 kwa nyuzi 20, si 1.28 kama ya gari. Mafundi waliotokea gereji wengi wanakosea hapa, wanaona 1.24 wanadhani betri imelala, wanaongeza asidi. Usiongeze asidi. Shika haidromita wima, vuta na kurudisha mara mbili tatu, jicho liwe usawa wa maji, na asidi irudi kwenye seli ile ile ilikotoka. Soma joto lake. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20, jumlisha 0.0007. Ukisoma 1.230 kwa nyuzi 35, unajumlisha 0.0105, inakuwa 1.2405: seli hiyo ni nzima kabisa. Bila hesabu hiyo ungeiita mgonjwa. Kinachonishtua ni seli iliyo chini ya wenzake kwa 0.020.

Maji yaongezwe baada ya chaji kukamilika, kwa kuwa kina hupanda wakati wa kuchaji. Ukijaza kabla, asidi itafurika. Isipokuwa mabamba yakiwa yameanza kuonekana: hapo yafunike kwanza kidogo, chaji, kisha jaza hadi alama. Usisome uzito wa asidi siku hiyo hiyo, maji mapya bado yako juu hayajachanganyika.

Na maji yenyewe yawe yale yaliyokenekwa, ambayo kwa Kifaransa ni eau distillée. Soma kibandiko, usiishie kwenye jina. Sokoni "maji ya betri" ni jina linaloweza kumaanisha maji haya au asidi iliyokwisha kuchanganywa, na chupa mara nyingi zinafanana. Siku moja muuzaji alinipa chupa mbili kutoka rafu moja, moja ikiwa nzito zaidi mkononi. Haidromita ilisoma 1.28. Tangu hapo kila dumu jipya nalipima kabla halijaingia chumbani: maji halisi yanasoma 1.000. Maji ya kisima, ya bomba au ya mvua iliyopita kwenye bati lenye vumbi usiyatumie. Chuma na klorini vikishaingia kwenye seli havitoki.

Betri zilizofungwa hazina maji ya kuongeza, na hilo linawafanya watu waziite betri zisizohitaji matunzo. Si kweli. Kwa kuwa huwezi kuona ndani, pima ukinzani wa ndani wa kila moja kwa kipimo chake maalumu, ukilinganisha na namba ya siku ilipofungwa. Ukipanda kwa asilimia 30 hadi 50 juu ya namba ya mwanzo, ichunguze kwa jaribio la kutoa chaji. Kama hukuandika namba ya mwanzo, anza leo na ulinganishe betri na wenzake.

Usafi na viungo

Vumbi letu jekundu likichanganyika na mvuke wa asidi linapitisha umeme. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, weka ncha nyeusi ya multimita kwenye ncha hasi ya betri, kisha tembeza ile nyekundu juu ya mfuniko wenye vumbi. Ikisoma volti, mfuniko huo unamwaga chaji saa zote.

Futa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji. Palipo na asidi tumia maji ya magadi, vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa barabara ili magadi yasiingie ndani, kisha futa tena kwa maji matupu. Usitumie petroli, wala sabuni ya kuondoa grisi, kwa sababu plastiki hupasuka miezi baadaye. Wala usikung'ute kwa kitambaa kikavu cha nailoni, umeme tuli na hidrojeni havikai pamoja.

Viungo vikaguliwe chini ya mzigo, kwa sababu tuliyoiona mwanzo. Chagua wakati ambapo betri inabeba mzigo kwa dakika kumi hivi, pima milivolti kati ya nguzo ya seli moja na nguzo ya seli inayofuata, ncha za multimita zikigusa risasi ya nguzo zenyewe, si boliti. Viunganishi vinavyofanana visome sawa. Kile kinachosoma mara mbili ya wenzake ndicho unachokitafuta. Mwenye kamera ya joto atakiona kiking'aa.

Kiungo kibaya hakitibiwi kwa kukaza. Tenga betri, kifungue, sugua hadi risasi na shaba ziwe safi, paka vaselini nyembamba, funga kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa nyutoni-mita zilizoandikwa na mtengenezaji. Risasi ni laini. Fundi mwenye nguvu anayekaza kila mwezi "kwa usalama" anakunja nguzo na kuvunja mpira unaozuia asidi, na baada ya mwaka asidi inapanda.

Delestaji na chaja

Betri nyingi za akiba zilibuniwa kukaa zimejaa na kutumika mara chache. Delestaji, yaani ukataji umeme kwa zamu, ikiwa ya kila siku inazigeuza kuwa za kazi ya kila siku, na hazikuumbwa kwa hilo. Piga hesabu hii: betri ya ampia-saa 500 imetoa 250. Chaja ina ampia 50, lakini 20 zinaliwa na mzigo wenyewe. Zinabaki 30. Kurudisha 250 pamoja na kinachopotea njiani kunahitaji zaidi ya saa 9, na saa za mwisho ni za polepole zaidi. Umeme ukirudi kwa saa 6 tu kwa siku, betri haijai kamwe, salfeti inakomaa, na baada ya miezi michache watu wanalalamikia ubora wa betri. Hapo dawa ni chaja kubwa zaidi kwa kiwango ambacho betri inaruhusu, au kuiwasha grupu mapema, au kupunguza mzigo usio wa lazima.

Chaji ya kusawazisha, volti 2.33 hadi 2.40 kwa seli za wazi, husaidia. Hakikisha kwanza vifaa vinavyobebwa vinavumilia: seli 24 kwa 2.35 ni volti 56.4. Kwa zilizofungwa usifanye bila ruhusa ya mtengenezaji. Pima pia mawimbi ya mkondo yanayotoka kwenye chaja. Zaidi ya ampia 5 kwa kila ampia-saa 100 wakati wa floti inachosha betri, na mara nyingi chanzo ni kapasita au diodi iliyokufa.

Mara moja kwa mwaka, na jaribio la kweli

Kila mwaka rudia yote hapo juu kwa seli zote na viungo vyote, kagua vishikio na rafu kwa kutu, jaribu feni na kengele za hitilafu.

Jaribio la kutoa chaji ndilo pekee linalosema ukweli wote. Lifanye betri ikiwa mpya, kisha kwa vipindi visivyozidi robo ya umri wake unaotarajiwa, na kila mwaka inapoanza kuzeeka. Tafuta betri mbadala ya kubeba kiwanda siku hiyo, na usilifanye siku ambayo delestaji imetangazwa. Betri ya ampia-saa 500 kwa kiwango cha saa 10 hutolewa ampia 50 bila kubadilika hadi wastani wa volti 1.80 kwa seli. Kwa seli 54 ni volti 97.2. Soma kila seli kila saa, na mwishoni kila dakika chache, kwa kuwa seli dhaifu inaweza kugeuka chanya ikawa hasi ghafla. Ikifika 97.2 baada ya saa 8, uwezo ni asilimia 80: agiza mpya, usingoje asilimia 70, kwani kutoka hapo mteremko ni mkali.

Kila namba iandikwe na tarehe, saa, joto na jina la aliyepima. Daftari la karatasi lenye jalada gumu, likae kwenye mfuko wa plastiki mlangoni. Namba moja haisemi kitu. Seli ya 31 ikisoma 2.23, 2.21, 2.18 kwa robo tatu za mwaka, imekwisha kukuambia, ikiwa kuna anayesoma.

Betri zilizokwisha zihesabiwe zikitoka, zikiwa zimesimama juu ya paleti, asidi yake ndani, kwa mnunuzi mwenye mitambo ya kuzichakata. Asidi isimwagwe mferejini, na risasi isiuzwe kwa watu wanaoyeyusha vyuma chakavu uani kutengeneza sufuria, maana sumu yake inakaa kwenye udongo ambako watoto wanacheza. Ovaroli ya chumba cha betri ifuliwe kazini, isiingie nyumbani pamoja na nguo za familia.